Fainali Ichezwe Nyumbani kwa Aliyeistahili

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana wa vyuo mliokuja na jezi zenu: asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi. Sitawaeleza sheria za hoki ya barafu. Mmekaa Minnesota muda wa kutosha, watoto wenu wanateleza kwenye maziwa kila Januari, na asiyejua kuotea ni nini atamwuliza mwanawe akifika nyumbani. Nimekuja na jambo lile lile ambalo wengine wenu mmenisikia nikilisema harusini, msibani na kwenye maegesho ya magari. Leo nimepewa kipaza sauti, basi nitalisema lote. Fainali ya konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, kwenye hoki ya vyuo ichezwe kwenye uwanja wa chuo kilichofanya vizuri msimu mzima. Isipelekwe kwenye ukumbi wa kukodi katika mji ambao hauwahusu wanaocheza.

Kwa upande wa wanaume konferensi ziko sita: Atlantic Hockey America, Big Ten, CCHA, ECAC, Hockey East na NCHC. Kila moja ina ligi yake inayoanza Oktoba, na ikifika Machi inaingia kwenye mtoano. Anayeshinda mtoano ndiye anayepata nafasi ya moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa yenye timu 16. Namsema bingwa wa mtoano, maana bingwa wa ligi hana ahadi yoyote. Anaweza kuongoza msimamo miezi mitano na akakosa. Nafasi 10 zilizobaki hugawiwa kwa hesabu ya matokeo, na hesabu hiyo inategemea sana umecheza na nani. Chuo kikubwa kinachokutana na vikubwa wenzake kila wiki kinaweza kufungwa Machi na bado kikaitwa. Chuo kidogo kikifungwa, wachezaji wanarudisha vifaa stoo.

Mnajua mlango huo umewahi kuingiza nani? Mwaka 2006 Holy Cross, chuo cha Worcester, Massachusetts, waliingia kama mabingwa wa Atlantic Hockey. Walipangiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, hawa hawa wa hapa kwetu, wakawafunga 4-3 kwenye muda wa nyongeza kule Grand Forks. Wapo wazee wa mji huu ambao hadi leo hawataki kulizungumzia. Mwaka 2009 Bemidji State, chuo cha kaskazini ya jimbo letu, waliingia kama timu ya mwisho kwenye orodha ya 16 wakafika nusu fainali ya taifa, baada ya kuwafunga Notre Dame na Cornell. Hao wote walipitia mtoano wa konferensi. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu mahali pa kuchezea fainali hiyo, tunabishana kuhusu mchezo ambao kwa chuo kidogo ndio msimu mzima.

Sasa nataka niwapeleke Mankato, na nitakaa huko kwa muda.

Ilikuwa tarehe 19 Machi 2022. CCHA, konferensi iliyokuwa imevunjika mwaka 2013 na kufufuliwa 2021, inacheza fainali yake ya kwanza tangu ifufuke. Kombe ni la Mason. Minnesota State, chuo cha Mankato, ndio walioongoza ligi, kwa hiyo fainali iko kwao, kwenye ukumbi wa katikati ya mji unaochukua watu karibu 5,000. Golini yuko Dryden McKay, kijana aliyepewa tuzo ya Hobey Baker mwaka huo huo, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Wageni ni Bemidji State. Wenyeji walikuwa na uhakika wa kwenda mashindano ya taifa, wafungwe wasifungwe. Bemidji hawakuwa na uhakika wowote: wakishinda wanakwenda, wakifungwa yamekwisha. Hilo mlishike, tutalirudia.

Dakika 60 zinakwisha moja kwa moja. Kwenye mtoano wa vyuo hakuna penalti za kuamua mshindi. Mnacheza vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, mpaka mmoja afunge, na bao la kwanza linamaliza kila kitu. Dakika chache ndani ya muda wa nyongeza, Josh Groll wa Minnesota State anakisukuma kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, golini. Bao linahesabiwa. Ukumbi unalipuka, wachezaji wanaangukiana juu ya barafu, kofia na glovu zimetapakaa. Timu zinapeana mikono. Kombe la Mason linakabidhiwa, picha zinapigwa. Vijana wa Bemidji wanaingia vyumbani na machozi yao, na kwa wale wa mwaka wa mwisho, ule ndio mwisho wa kuvaa jezi ya chuo.

Kisha video zikatazamwa upya. Pembe moja ya kamera ikaonyesha kwamba kisahani hakikupita mbele ya goli. Kilipenya pembeni, chini ya ubavu wa goli, kikatokea ndani ya wavu. Halikuwa bao. Wakati huo zaidi ya saa moja ilikuwa imepita. Nataka mlisikie hilo vizuri: saa moja na zaidi, kombe limeshabebwa, watu wameshaondoka. Kamishna wa konferensi alikuwa Don Lucia, mtu mnayemfahamu, maana ndiye kocha aliyewaletea Minnesota ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, 2002 na 2003. Uamuzi ukatoka kwamba mchezo haujaisha. Timu zirudi barafuni.

Hebu tulia hapo. Kijana wa Bemidji ameshavua viatu vya barafu, miguu imevimba, ameshawapigia wazazi simu. Anaambiwa avae tena. Kijana wa Minnesota State ameshalibusu kombe, anaambiwa kombe lirudishwe mezani. Wote wawili wamepoa mwili, na mwili uliopoa kwenye barafu ni mwili wa kuumia. Wakarudi, wakaanza upya. Na Minnesota State wakafunga tena, safari hii kupitia Jack McNeely, bao safi lisilo na swali. Wakashinda 2-1 mara ya pili kwa usiku mmoja. Kutoka hapo walifika hadi fainali ya taifa kule Boston, wakafungwa na Denver 5-1.

Kuna watu, na wengine wamo humu ndani nawaona, wanaichukua hadithi hii kunipinga nayo. Wanasema: umeona? Ndiyo matokeo ya kupeleka fainali kwenye ukumbi mdogo wa mji mdogo. Ingechezwa St. Paul kwenye ukumbi wa timu ya kulipwa, kamera zingekuwa nyingi, kosa lingeonekana palepale.

Jibu langu ni hili. Kamera inabebeka. Inaingia kwenye gari, inafika Mankato kwa saa moja na nusu, inafungwa juu ya goli, na kazi imekwisha. Konferensi inayoweza kukodi ukumbi wa watu 18,000 inaweza kununua kamera za kuangalia mistari miwili ya goli kwenye kila uwanja wake. Kosa la usiku ule lilikuwa la vifaa na la macho. Ukilihamishia kwenye anwani ya uwanja, unakwepa kulitibu.

Na sasa niwaonyeshe wanachokisahau wanaonipinga. Hofu yao kubwa kuhusu uwanja wa nyumbani ni upendeleo. Wanasema mwenyeji atabebwa. Basi tazameni Mankato. Mwenyeji ameshakabidhiwa kombe, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na hakuna shabiki hata mmoja ukumbini aliyekuwa analalamika. Njia rahisi kuliko zote ilikuwa kunyamaza. Wageni walikuwa timu ambayo msimu wake ulikuwa umekufa, isiyo na mtu wa kuipigania pale isipokuwa ukweli wa picha. Na kombe likanyang'anywa mwenyeji, mchezo ukaendelezwa. Nionyesheni fainali ya uwanja huru, usio wa timu yoyote kati ya mbili, ambapo mgeni alitendewa haki kubwa kuliko hiyo. Haki haikutoka kwenye kuta za ukumbi. Ilitoka kwa watu waliokubali kuaibika hadharani kuliko kumtuma kijana wa Bemidji nyumbani kwa bao ambalo halikuwa bao.

Mtaniambia, lakini Bemidji walifungwa vile vile. Ndiyo, walifungwa. Walifungwa kihalali, na hiyo ndiyo tofauti ninayoitetea.

Na hadithi ya Bemidji haikuishia hapo. Mwaka 2024 wao ndio walioongoza ligi ya CCHA, fainali ikaenda kwao, kwenye ukumbi wao kando ya ziwa. Nani alishinda? Michigan Tech, wageni, waliotoka kule Houghton kwenye theluji ya Ziwa Superior. Bemidji wakakosa mashindano ya taifa wakiwa nyumbani. Iliniuma, siwafichi, kwa sababu nina mapenzi na timu ile. Lakini inamjibu anayesema mwenyeji hushinda daima. Na kama hamtaki kwenda mbali, hapa hapa Minneapolis, pale Mariucci, fainali ya Big Ten ya 2022 Minnesota walikuwa nyumbani wakafungwa na Michigan 4-3. Mwaka uliofuata wakawa nyumbani tena, Michigan wale wale, uwanja ule ule, 4-3 ile ile. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa ni kutunzwa, kushinda ni kwa jasho lake.

Nadhani ni mzee mmoja wa Kigoma aliyenishika mwaka jana akanipa hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa, kwa hiyo nitampa heshima ya kumjibu mbele yenu. Alisema: mbona kwetu fainali ya Kombe la Shirikisho hupelekwa mikoani na watu wanafurahi? Mwaka 2021 Simba na Yanga walicheza Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika, na mji mzima ulisimama. Kwa nini vyuo vya Marekani wasifanye hivyo?

Mzee wangu, ni kwa sababu Simba na Yanga wana watu Kigoma. Wana watu Songea, Tanga, Bukoba, Pemba. Ukiipeleka fainali ile popote kwenye nchi umeipeleka nyumbani kwa mashabiki wa pande zote mbili. Chuo hakiko hivyo. Mashabiki wa chuo ni wanafunzi wanaoishi kwenye mabweni yake, wahitimu wake, na watu wa mji unaokizunguka. Western Michigan wana mashabiki Kalamazoo. Hawana mtaa wao St. Paul. Ukiipeleka fainali yao St. Paul, umepeleka harusi kwenye mji ambao si wa bwana harusi wala bibi harusi, kisha unashangaa viti vimebaki vitupu.

Na hilo la Western Michigan silitungi. Msimu wa 2024-25 waliongoza NCHC, konferensi ngumu kuliko zote miaka hii, wakabeba Kombe la Penrose, la kinara wa ligi, kwa mara ya kwanza. Uwanja wao, Lawson, ni mdogo, una viti visivyofika 4,000, na wanafunzi wake wana sifa ya kelele isiyokoma. Fainali ikachezwa St. Paul, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao. Wakawafunga Denver 4-3 kwenye muda wa nyongeza wa pili. Mchezo wa ajabu, kila mpenda hoki aliutazama. Wiki tatu baadaye wakawafunga Boston University 6-2 kule St. Louis wakawa mabingwa wa taifa kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo. Sasa niambieni, mwanafunzi wa Kalamazoo anayelipa karo kwa kazi ya usiku, aliyesimama kwenye baridi msimu wote kununua tiketi yake, alikuwa wapi bao lile la St. Paul lilipofungwa? Alikuwa kwenye kochi, anatazama simu. Yeye ndiye aliyeijenga ile timu kwa sauti yake, na siku ya mavuno hakuwepo.

NCHC wenyewe wameelewa. Walianza na Target Center hapa Minneapolis mwaka 2014, wakahamia St. Paul 2018, na kuanzia 2026 mtoano wao wote unachezwa kwenye viwanja vya vyuo. Big Ten waliwatangulia. Miaka yao minne ya kwanza walikuwa wakipokezana: 2014 St. Paul, 2015 Detroit, 2016 St. Paul, 2017 Detroit. Nani alikuwepo? Viti. Kumbi za watu karibu 20,000 na sauti ya kocha inasikika hadi safu ya juu. Mwaka 2018 wakarudisha mambo vyuoni, na tangu hapo fainali zao zimekuwa moto. Mwaka ule wa kwanza Notre Dame waliwafunga Ohio State 3-2 kwa muda wa nyongeza, nyumbani kwao. Michigan State walimfunga jirani yao Michigan 5-4 mwaka 2024, muda wa nyongeza tena, kwenye uwanja wao wa Munn. Mwaka uliofuata, Munn tena, wakawafunga Ohio State 4-3 kwenye muda wa nyongeza wa pili. Kama mliona ile ya 2024 kwenye televisheni, mnakumbuka sauti ya watu wale. Hakuna kampuni ya kuuza tiketi inayoweza kuinunua sauti ile.

Na msinilaumu kwamba nazungumzia fainali peke yake. Robo fainali tayari zinachezwa vyuoni karibu kila konferensi na hakuna anayelalamika. Mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya hoki ya vyuo ulichezwa hivyo, tarehe 6 Machi 2015, raundi ya kwanza ya mtoano wa Hockey East, kwenye uwanja wa Notre Dame. UMass, wageni, walishinda 4-3 kwenye muda wa nyongeza wa tano. Dakika 151 na sekunde 42 za mchezo, Shane Walsh akafunga. Rekodi iliyovunjwa usiku ule ilitoka kwenye robo fainali, nayo ya chuoni, ECAC mwaka 2010, Quinnipiac walipowafunga Union 3-2, wageni tena. Notre Dame baadaye walishinda michezo miwili iliyofuata wakasonga mbele, kwa sababu raundi ile ilikuwa ya michezo mitatu. Huo ndio utaratibu ninaoupenda kuliko wote, ila najua kwenye fainali hauwezekani, ratiba haina siku.

Sasa Boston. Lazima nizungumzie Boston, la sivyo ndugu zetu wa Massachusetts na Maine hawataniacha nitoke.

Hockey East wanacheza nusu fainali na fainali pale TD Garden, na wanajaza. Mwaka 2024 Boston College waliwafunga Boston University 6-2 mbele ya watu 17,850, hakuna kiti kilichobaki. Mimi sipingi hilo hata kidogo. Lakini tazameni sababu. Mwanafunzi wa Boston University, wa Boston College, wa Northeastern, wote wanapanda treni ya Green Line wanashuka North Station, mlangoni mwa ukumbi. Kwa wengi wao Garden ni nyumbani. Haikidhi hata jina la uwanja huru. Na Maine? Maine wako Orono, karibu kilomita 400. Mwaka 2025 walibeba kombe la Lamoriello kwa mara ya kwanza tangu 2004, waliwafunga UConn 5-2, na watu wao walishuka Boston kwa maelfu, ukumbi ukawa wa bluu. Ndugu zetu Wakongo wa Portland na Lewiston wanaweza kuwasimulia, jimbo zima lilikuwa barabarani. Nakubali. Pale pana desturi iliyojengwa kwa miongo, tangu konferensi ile ijitenge na ECAC mwaka 1984. Lakini Boston ni moja. Huwezi kuinakili Boston ukaibandika Detroit.

ECAC walijaribu kunakili. Fainali yao ni kongwe, ilianza 1962, na kwa miaka mingi ilikuwa Boston Garden ya zamani, kuanzia 1967 hadi 1992. Kisha ikahamahama: Lake Placid, Albany, na kuanzia 2011 hadi 2013 wakaipeleka Atlantic City. Atlantic City! Mji wa kamari kando ya bahari, kwenye jimbo ambalo halina chuo hata kimoja cha konferensi ile isipokuwa Princeton. Vyuo vyenyewe viko Potsdam, Canton, Ithaca, Hanover, kaskazini kwenye theluji. Miaka mitatu ikatosha, wakarudi Lake Placid mwaka 2014. Lake Placid naiheshimu, ni kijiji kidogo, na ukumbi wake ndio ule wa Olimpiki ya 1980 ambapo vijana wa vyuo vya Marekani waliwafunga Wasovieti. Vijana wa Clarkson na St. Lawrence wanafika kwa chini ya saa mbili. Cornell wanatoka mbali, lakini Cornell wanasafiri, hao ni watu wa aina yao; walibeba kombe la Whitelaw 2024 na 2025, ile ya 2025 ikiwa zawadi ya kumuaga kocha wao Mike Schafer baada ya miaka 30. Bila ushindi ule wasingekwenda mashindano ya taifa. Kama ningekuwa na neno ECAC ningesema nusu fainali zibaki Lake Placid na... hapana, naona mwenyekiti ananionyesha saa, hilo tuliache.

Hoja ya pesa niipite haraka. Wanasema ukumbi mkubwa unaleta mapato. Ukumbi mkubwa una kodi kubwa, walinzi wengi, na viti unavyolipia hata visipokaliwa. Ukumbi wa chuo umeshalipiwa na unajaa. Mwenye kikokotoo akokotoe.

Hoja ya hoteli na mashirika ya ndege: mgeni anapewa siku chache tu za kujipanga, ni kweli, na ni tatizo. Lakini uwanja huru unawapa tatizo hilo wageni wawili badala ya mmoja.

Kuhusu mashindano ya taifa yenyewe, yale makundi manne ya kikanda yanayochezwa kwenye kumbi za kati mwishoni mwa Machi, ninayo mengi, na mengi yake makali. Siku nyingine. Hoki ya wanawake pia ilistahili mhadhara wake kamili na naomba mwandaaji mmoja wenu anialike kwa hilo.

Kijana mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi kabla sijaanza: kwa nini mtu wa pwani ahangaike na haya? Mwanangu, Nairobi kuna timu ya hoki ya barafu, Ice Lions, walijifunza kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu. Hapa Minnesota kuna watoto wetu kwenye timu za mitaa na za shule. Kesho mmoja wao atavaa jezi ya Mankato, au ya Bemidji, au ya St. Cloud. Atacheza miaka minne. Siku ya fainali nataka mama yake, ambaye hana likizo na hana nauli ya ndege, aweze kutembea hadi ukumbini akitoka kazini.

Basi ninayoyataka ni haya, na nimeyapeleka kwa maandishi kwa waliopaswa kuyapata. Fainali iende kwa aliye juu kwenye msimamo kati ya wawili waliofika. Wanafunzi wa timu ngeni watengewe sehemu yao ya viti kwa bei ya mwanafunzi, na konferensi iwalipie mabasi kutoka kwenye mapato ya mlangoni. Bemidji hadi Mankato ni kilomita zaidi ya 400, mwanafunzi hawezi kujilipia hizo kwa tangazo la siku saba. Na kila uwanja wa konferensi uwe na kamera juu ya kila goli na kwenye nguzo zake, tangu mchezo wa kwanza wa Oktoba, ili fainali isiwe siku ya kwanza ya kuijaribu. Kombe lisitolewe kabatini mpaka waamuzi wamalize kuangalia kila pembe. Kama ni dakika kumi, watu wasubiri dakika kumi, wamesubiri msimu mzima.

Haya, maswali. Mzee wa Kigoma naona mkono umeshapanda, anza wewe.